Neuropeptidi naziona kwenye amakrini, sasa vipokezi vyake mbona viko kwingine? (retina ya mamalia)

mtoto_wa_chumbageni

Habari zenu wakuu, wakubwa shkamooni. Niko Tanga nyumbani likizo ila likizo yenyewe ya jina tu maana nikirudi chuo kuna semina inanisubiri, mada niliyopewa ni vipokezi vya neuropeptidi (vile vijiprotini vidogo ambavyo seli za neva zinatumiana kama ujumbe, na kipokezi ndo kinachoupokea) kwenye retina ya mamalia vinapatikana wapi. Nikajua kitu cha siku mbili nimemaliza niende zangu Raskazone kuogelea. Wapi!

Tatizo langu ni hili. Kitabu chochote nikifungua kinanambia somatostatini iko kwenye seli za amakrini, sabstansi P amakrini, VIP (nayo peptidi, sio mheshimiwa) amakrini, neuropeptidi Y amakrini, basi. Nikaona raha, nikajua na vipokezi vitakuwa hapohapo jirani. Nikaingia kwenye makala za watafiti nakuta kipokezi cha somatostatini kiko kwenye baipola za rodi, mara seli za horizontali, yaani upande wa nje huko karibu na rodi na koni ambako nyuzi zenye somatostatini karibu hazipo! Sasa peptidi inafikaje huko? Au zile kingamwili wanazopakia ili kipokezi king'ae kilipo zinadanganya? Na halafu mmoja kafanya kwa panya anasema hivi, mwingine kwa sungura anasema vile, mwalimu wangu anataka mchoro MMOJA wa retina wenye vipokezi vyote. Nisaidieni jamani nimekwama na bando linakata.

Mzee_wa_Mkonge

Mimi nimeingia humu kutafuta bei ya baiskeli ya mtumba nakutana na amakrini 😂 Waja leo waondoka leo lakini huyu binti katuachia mtihani. Sawa basi, kabla wataalamu hawajamwaga vitu vyao hebu mmoja atuelezee sisi wa kawaida hiyo retina imepangwaje, tusije tukawa tunaitikia tu kama tumeelewa.

Fundi_Hadubini

Mzee marahaba kwa niaba ya binti, swali lako ndo mwanzo mzuri.

Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho kwa ndani. Una tabaka tatu za miili ya seli, na katikati yake tabaka mbili ambazo seli zinaunganisha mikono. Nje kabisa, yaani mbali na mwanga unakoingilia, kuna rodi na koni ndo zinazonasa mwanga. Katikati kuna baipola, horizontali na amakrini. Ndani kuna seli za ganglio ambazo nyuzi zake ndo zinatoka kuwa neva ya macho, kwa binadamu ni kama milioni moja hivi kila jicho. Rodi na koni zinaongea na baipola na horizontali kwenye tabaka la sinapsi la nje, baipola nazo zinaongea na amakrini na ganglio kwenye tabaka la sinapsi la ndani. Hapo mzee ushamaliza anatomia.

Sasa binti, kosa la vitabu vingi ni kwamba vinaongelea peptidi kama vile vinaongelea glutameti. Glutameti inamwagwa kwenye sinapsi, inavuka upenyo mdogo sana, inagonga kipokezi kilichoko mbele yake, halafu inazolewa fasta na pampu. Kwa hiyo ukiona mmwagaji unajua na mpokeaji yuko wapi. Peptidi haiendi hivyo. Inakaa kwenye vifuko vikubwa vyeusi, mara nyingi inamwagwa pembeni ya sinapsi, haina pampu ya kuirudisha ndani, inasambaa taratibu katikati ya seli mpaka vimeng'enya viikatekate. Na vipokezi vyake karibu vyote ni vile vinavyofanya kazi kupitia protini za G (zinazopeleka ujumbe ndani ya seli), vinaamka hata kwa kiasi kidogo mno cha peptidi. Ni kama udi, chetezo kiko ukumbini lakini aliyeko chumba cha uani anausikia, na mwenye mafua aliyekaa pembeni ya chetezo hasikii kitu. Kwa hiyo swali la "peptidi iko wapi" na swali la "kipokezi kiko wapi" ni maswali mawili tofauti kabisa, na semina yako ukianza na sentensi hiyo mwalimu atakaa vizuri kwenye kiti.

Chukua somatostatini. Kwa sungura zile seli zinazoitengeneza ni chache, nyingi ziko nusu ya chini ya retina, na ni amakrini zilizohamia kwenye tabaka la ganglio. Lakini nyuzi zake ndefu balaa, zinaenea mpaka kwenye retina ya juu ambako miili yake haipo. Somatostatini ina vipokezi vitano, sst1 mpaka sst5, na vilivyosomwa zaidi kwenye retina ni sst1 na sst2, hasa ile sura yake ya sst2A. Hii sst2A kwa panya mkubwa, panya mdogo wa maabara na sungura imeonekana kwenye baipola za rodi, na kwa panya pia kwenye horizontali na baadhi ya amakrini, zikiwemo zinazotengeneza dopamini. Wakati sst1 yenyewe inakaa kwenye amakrini, zikiwemo zilezile zinazotengeneza somatostatini. Yaani seli inajisikiliza yenyewe ijue imemwaga kiasi gani.

Kuhusu kingamwili kudanganya, sio kosa kuuliza, zinadanganya sana. Ila hii ya baipola za rodi imeshikwa kwa njia zaidi ya moja. Walipaka kingamwili ya sst2A pamoja na ya PKC ambayo ndo alama ya baipola za rodi, zikalala sehemu moja. Halafu wakazichukua baipola za rodi za panya wakazimwagia somatostatini, kalsiamu inayoingia kwenye ncha za akzoni zake ikapungua. Kipokezi kinachojibu ukikigonga hicho sio rangi tu.

Na angalia hapo, ncha ya akzoni! Baipola ya rodi mkono wake wa juu uko tabaka la nje lakini mguu wake unashuka mpaka chini kabisa ya tabaka la ndani, ambako nyuzi za somatostatini sasa ziko jirani. Kwa hiyo nusu ya mshangao wako inaisha hapo. Nusu nyingine, zile horizontali, ndo ya udi.

Mzee_wa_Mkonge

Hapo kwenye udi nimekuelewa mtaalamu. Bi mkubwa wangu akichoma jirani wa tatu anakohoa.

Kipanya_Lab

Nikubaliane na Fundi mengi ila mimi nisingeanza na somatostatini, ningeanza na sabstansi P na ndugu zake kwa sababu hapo ndo picha inaonekana safi zaidi. Sabstansi P ni ya zamani, von Euler na Gaddum waliikuta 1931 kwenye ubongo na utumbo wa farasi. Familia yake ina vipokezi vitatu, NK1 anapenda zaidi sabstansi P yenyewe, NK2 anapenda neurokinini A, NK3 anapenda neurokinini B.

Sasa tazama. NK1 kwa panya mkubwa iko kwenye amakrini, ukiweka na zile za dopamini. NK3 yenyewe haiko huko kabisa kwa wingi, iko kwenye baipola za koni za upande wa OFF, zile zinazojibu mwanga ukizimika. Na ni za OFF tu! Kwa panya mdogo mambo yamenyooka kiasi kwamba watu wanatumia kingamwili ya NK3 kama alama ya kutambua baipola aina ya 1 na 2, yaani mtu hata hana habari na peptidi, yeye anataka tu kujua hii seli ni ipi, anapaka NK3 anamaliza kazi. Kipokezi kimegeuka kitambulisho.

Halafu nenda kwa sungura. NK1 ileile ambayo kwa panya ni ya amakrini, kwa sungura unaikuta kwenye amakrini za dopamini SAWA lakini pia kwenye aina fulani ya baipola za koni, na safari hii ni za upande wa ON, zinazojibu mwanga ukiwaka. Kwa hiyo dada yangu mchoro mmoja wa "retina ya mamalia" mwambie mwalimu wako kwa heshima zote haupo. Chora panya, halafu pembeni weka sungura panapotofautiana. Ukichanganya wanyama kwenye mchoro mmoja unapata mnyama ambaye Mungu hajamuumba.

Na kuhusu kuamini kingamwili mimi ni mgumu kuliko Fundi. Jaribio la kwanza la kuuliza ni je, walipaka pia kwenye panya asiye na hiyo jini (jeni) ya kutengeneza kipokezi? Kama kingamwili inang'aa hata kwa mnyama asiye na kipokezi basi funga makala ukalale. Siku hizi kuna njia nyingine ya kuhakiki, 2015 walipasua retina ya panya mdogo wakasoma RNA ya seli 44,808 moja moja wakapata makundi 39, mwaka uliofuata wengine wakazama kwenye baipola peke yake wakapata aina 15. Jini ya kipokezi unaitafuta mle unaona imewaka kwenye kundi gani. Haina rangi wala macho ya mtu anayetaka kuona anachokitaka.

Fundi_Hadubini

Kipanya hapo kwenye RNA punguza mwendo kidogo. RNA inakwambia seli gani ina maagizo ya kutengeneza kipokezi. Haikwambii kipokezi chenyewe kimepelekwa wapi kwenye hiyo seli, na swali la binti ni WAPI. Baipola ile ile inaweza kukiweka juu kwenye dendraiti au chini kwenye akzoni, na hiyo ni tofauti ya kufanya kazi mbili tofauti kabisa. Ukitumia njia ya kunasa mRNA kwenye kipande cha tishu utaona mwili wa seli unang'aa, basi, mikono yote giza. Na ile ya kusaga retina nzima halafu unakuza mRNA ndo mbaya zaidi, inakwambia "kipo" tu. Kuna makala nyingi zinasema vipokezi vyote vitano vya somatostatini vipo kwenye retina, sawa vipo, lakini kwenye mishipa ya damu au kwenye seli za Müller (zile zinazoishikilia retina) au wapi? Hapo lazima urudi kwenye hadubini.

Kipanya_Lab

Nakubali. Ila bila panya asiye na jini sirudi nyuma 😅

mtoto_wa_chumbageni

Asanteni sana wakuu yaani mmenifungua. Nimeona kitu lakini naomba mnisahihishe, kila mnapotaja amakrini mnarudi kwenye za dopamini. sst2A ipo, NK1 ipo, kwa panya ipo kwa sungura ipo. Ni bahati tu au hizo seli zina kitu?

Fundi_Hadubini

Sio bahati, hapo umeona jambo ambalo watu wanalipita. Seli za dopamini kwenye retina ni chache mno ukilinganisha na amakrini nyingine, lakini nyuzi zake zinafunika retina nzima na dopamini yake nayo inasambaa mbali. Kazi yake kubwa ni kuihamisha retina kutoka kuona kwa giza kwenda kuona kwa mwanga, kutoka mfumo wa rodi kwenda mfumo wa koni. Sasa ukitaka kubadilisha retina nzima kwa nguvu kidogo unamshika nani? Huyo. Ongezea kwenye orodha yako kipokezi cha opioidi aina ya mu, nacho kimeonekana kwenye seli hizohizo za dopamini kwa panya, na pia kwenye zile ganglio zenye melanopsini.

Ukiuliza maoni yangu, semina yako ijenge juu ya hapo. Usitaje peptidi moja moja kama unasoma majina ya wanafunzi asubuhi, chagua seli halafu uliza inasikiliza peptidi ngapi. Baipola ya rodi inasikiliza somatostatini. Horizontali za panya zinasikiliza somatostatini na pia zina Y1 ya neuropeptidi Y. Baipola za OFF zina NK3. Seli ya dopamini inasikiliza kila mtu. Ukipanga hivyo mchoro unajichora wenyewe.

Kipanya_Lab

Hizo za melanopsini usiziache zipite hivihivi. Hizo ni ganglio zinazonasa mwanga zenyewe bila kuitegemea rodi wala koni, zilijulikana 2002, na kwa panya zimebeba PACAP (neuropeptidi nyingine hiyo) pamoja na glutameti zikiipeleka kwenye kile kiini cha ubongo kinachoendesha saa ya mwili. Kwa hiyo hapa una peptidi ambayo haiko kwenye amakrini peke yake, inasafiri mpaka nje ya jicho. Kipokezi chake kikuu PAC1 kwenye retina kimeonekana kwenye ganglio na kwenye amakrini. VIP ni ndugu yake wa karibu, wanagawana vipokezi VPAC1 na VPAC2, ila PAC1 anamtaka PACAP kwa mbali zaidi. Na PACAP kwa panya inalinda seli za retina zisife ukizimwagia glutameti nyingi kupita kiasi, kwa hiyo wapo wanaoitazama kwa jicho la dawa.

Sista_wa_Macho

Salaam. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha macho huku Tanga, nimewasoma kimyakimya toka juu. Hiyo somatostatini ndo ileile tunayosikia kwenye kisukari? Maana wagonjwa wa kisukari wanaokuja kwetu wengi wanakuja macho yameshaharibika, mishipa imevuja na damu iko ndani, wengine hawajawahi kupimwa retina toka waambiwe wana sukari. Nilisikia kwenye mafunzo kwamba kuna matone walijaribu Ulaya. Na kama kipokezi kiko huko ndani kwenye baipola tone la juu ya jicho linafikaje?

Fundi_Hadubini

Shkamoo sista. Ndiyo ileile. Kwa binadamu kuna jambo la ziada ambalo kwa panya halisemwi sana, kwamba somatostatini ya retina inatengenezwa pia kwenye lile tabaka la rangi lililoko nyuma ya rodi na koni. Kwa watu wenye kisukari kiwango chake kimekutwa kimeshuka, kwenye retina na hata kwenye ule ute wa ndani ya jicho. Na sst1 na sst2 ndo vinavyoonekana zaidi kwenye retina ya mtu. Kwa hiyo hoja ikawa, kama peptidi imepungua na vipokezi bado vipo, si turudishe peptidi?

Hayo matone unayosema ni jaribio la EUROCONDOR, watu wenye kisukari aina ya pili ambao retina yao ilikuwa haijaonesha kitu au imeonesha dalili ndogo tu, wakawekewa matone kwa miaka miwili, kundi moja somatostatini, kundi moja brimonidini (dawa ya presha ya macho), kundi moja matone matupu. Majibu yalitoka 2019. Kwa kundi zima matone hayakuzuia neva za retina zisianze kudhoofika, ila wale ambao tayari udhoofu ulikuwa umeonekana kwenye kipimo cha umeme wa retina, kwao ulisimama usiendelee. Kwa hiyo sio dawa ya kumwandikia mtu kesho. Nasema hivi kwa herufi kubwa ASIJE MTU AKATAFUTA MATONE YA SOMATOSTATINI KARIAKOO.

Linafikaje nyuma? Njia inayodhaniwa kubwa sio kupita katikati ya jicho, lenzi iko pale. Linazunguka pembeni, linapita kwenye kiwambo na ule weupe wa jicho kwenda nyuma. Na likishafika tunarudi kulekule, halihitaji sinapsi, linahitaji tu kukuta kipokezi.

Sista_wa_Macho

Marahaba mwanangu. Basi mimi narudi kwenye kazi yangu ya kuwaambia wapime retina kila mwaka hata kama wanaona vizuri, maana neva za retina zinaanza kudhoofika kabla mishipa haijavuja na mgonjwa hajui kitu. Hilo nalo binti liweke kwenye semina yako, watu wanadhani jicho la kisukari ni habari ya mishipa tu.

mtoto_wa_chumbageni

Mama nitaliweka, na asante. Swali la mwisho halafu nawaacha. Kuna mjomba wangu ana bucha Ngamiani, anaweza kunipa macho ya mbuzi asubuhi wakichinja. Nataka niende na retina halisi kwenye semina, inawezekana kuona chochote cha vipokezi kwa macho ya mbuzi?

Kipanya_Lab

Vipokezi hapana, bila kingamwili na hadubini ya mwanga wa rangi huoni kitu. Lakini chukua bado. Kata nusu ya mbele na wembe, toa lenzi na ule ute, retina utaiona kama utando wa kijivu umeshikilia sehemu moja tu pale neva inapotokea, na nyuma yake lile tabaka linalong'aa kijani na bluu ambalo binadamu hatuna. Fanya mapema, retina ikikaa joto la Tanga mpaka adhuhuri inakuwa uji. Na ukiulizwa mbuzi kaingiaje kwenye neuropeptidi waambie somatostatini yenyewe 1973 ilitolewa kwenye ubongo wa kondoo, na PACAP 1989 kondoo tena, kwa hiyo hujatoka nje ya mada.

Fundi_Hadubini

Mwambie mjomba atoe macho mawili ya mnyama mmoja. Moja likate darasani, la pili liweke kwenye fomalini leoleo, ukirudi chuo wakate vipande vyembamba wapake rangi ya kawaida tu. Zile tabaka tano nilizomwelezea mzee zitaonekana wazi, halafu mchoro wako wa vipokezi vya panya uuchore juu ya karatasi inayoonesha upande wa pili uilaze juu ya picha hiyo. Chini andika kabisa kwamba tishu ni ya mbuzi na vipokezi ni vya panya.

Mzee_wa_Mkonge

Binti macho ukichukua, kichwa kilichobaki mjomba asikitupe, mimi niko Barabara ya 12 supu naijua.